Muulizeni kwanza hedhi yake inakuja baada ya siku ngapi

Wifi yangu ametafuta mtoto miaka minne. Amekunywa mizizi ya kusafisha kizazi hadi tumbo likamsokota, amepigwa picha ya mirija ikaonekana wazi, akaambiwa amwachie Mungu. Siku moja jikoni kwake nikaona kalenda nyuma ya mlango, tarehe zimezungushiwa kalamu nyekundu. Tukakaa tukahesabu. Siku 41. Siku 52. Siku 38.

Miaka yote hiyo, hakuna aliyemwuliza.

Hedhi inayopishana kwa zaidi ya siku 35 mara nyingi inaashiria kwamba yai halipevuki, au linapevuka kwa nadra. Mirija iwe safi namna gani, kama yai halijatoka mimba itatungwa na nini? Katika kila wanawake wanne wanaohangaika kupata mimba, karibu mmoja shida yake iko hapa. Mara nyingi ni PCOS, hali ya homoni kuvurugika hadi yai lisipevuke inavyotakiwa. Wengine ni tezi ya shingo, homoni ya maziwa kuzidi, au mwili kukonda mno. Mizizi haijui tofauti ya hayo.

Kinachoniuma zaidi ni kipimo cha projesteroni. Alipimwa siku ya 21, akaambiwa mayai yake "hayafanyi kazi". Siku ya 21 ni hesabu ya mwenye mzunguko wa siku 28! Homoni hii hupanda yai likishatoka, na kilele chake ni kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 41 hiyo ni siku ya 34, na kwa siku zinazoyumba kama zake kipimo hurudiwa kila wiki mpaka hedhi ije. Alilia wiki nzima kwa jibu la siku isiyo yake.

Daktari wa sasa alianza na kalenda. Amemkuta na PCOS, amempa letrozole, vidonge vya kupevusha yai. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 ulionyesha asilimia 27.5 ya wenye PCOS waliovitumia walijifungua, dhidi ya 19.1 kwa clomiphene, dawa ya zamani. Na kaka yangu naye ameambiwa akapime mbegu. Alinuna siku mbili, akaenda.

Mimba bado. Kalenda imehamia chumbani, na kalamu nyekundu siku hizi anaishika kaka.