Fundi wa ndege akikosea tumfunge?

Juzi nilikuwa Teminali 3 hapo uwanja wa ndege wa JNIA, Dar, ndege imechelewa masaa mawili, tukaambiwa mafundi bado wanaangalia kitu, watu wakawaka, mzee mmoja pembeni yangu akasema "hawa wakikosea wafungwe tu, ndo watashika adabu". Neno lake limenikaa mpaka leo maana kuna sehemu ana haki kabisa. Ndege ya JAL 123 ya Japani, Agosti 1985, walikufa watu 520, na chanzo ni ukuta wa presha wa nyuma, ule unaozuia hewa ya ndani isitokee mkiani, uliorekebishwa vibaya baada ya mkia kugonga chini mwaka 1978, sehemu ya kushikwa na mistari miwili ya ribiti (vile vipini vya kubana bati) ikabebwa na mmoja, na ndege ikaruka hivyo hivyo miaka 7. Inauma sana.

Ila sasa angalia ile ya British Airways, Juni 1990. Kioo cha mbele cha kapteni kilibadilishwa usiku kule Birmingham, watu wa shifti pungufu, msimamizi akaifanya kazi mwenyewe, bolti akazilinganisha na za zamani kwa jicho kama tunavyolinganisha nati kwa wauza spea mtaa wa Gerezani, Dar. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba, tofauti haifiki hata milimita moja. Kioo kikachomoka angani, kapteni akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka ndege ikatua Southampton, na akapona. Na utaratibu wala haukudai mtu wa pili akague kazi ile!

Ukimfunga fundi kama huyo, kesho mwenzie akikumbuka saa kumi alfajiri kwamba kasahau tochi ndani ya injini, atapiga simu ndege isimame au atanyamaza aombe Mungu? Mi naona aliyesaini kazi ambayo hajaifanya ashtakiwe bila huruma, huyo kadanganya, ila aliyekosea afu akajisema mwenyewe asiguswe jamani. Na mabosi je? Alaska Airlines 261, mwaka 2000, watu 88 wamekufa, nati ya skrubu inayosogeza bawa dogo la mkiani ililika meno kwa kukosa grisi, na kampuni ndo ilirefusha muda wa kupaka, mamlaka ya anga ya Marekani ikakubali. Hapo fundi gani umfunge?

Tulipoitwa kupanda fundi mmoja alikuwa bado amechuchumaa chini ya bawa na tochi yake, mzee akasonya, mi nikamwambia, mzee wangu, muache amalize.