Fundi, hiyo ni gesi gani?

Jumamosi iliyopita friji yetu iligoma, na ndani kulikuwa na ngege watano niliowanunua Dunga asubuhi ile ile. Fundi akafika na pikipiki, mtungi wa buluu ndani ya gunia na tochi ya kuchomelea mkononi. Akagusa ubavu wa friji, akategea sikio kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, akatoa hukumu hata kabla ya kuivuta kutoka ukutani.

"Gesi imeisha, jaduong'. Tunajaza tu."

"Gesi gani?"

"Gesi ya friji."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Ingekuwa sawa na kuingia duka la dawa, ukiuliza unapewa dawa gani, ujibiwe "ya mgonjwa".

Nikaivuta mwenyewe. Vumbi la nyuma lingetosha kuotesha sukuma wiki. Nikalifuta kwa soksi kuukuu, nikamulika kwa simu, na stika hiyo hapo kwenye kompresa: R600a, gramu 52, kando yake pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto. Mtungi wa fundi? R134a, maandishi makubwa kabisa.

Hizo si gesi za kubadilishana kama soda. R600a ni isobutani, ndugu wa damu wa gesi ya kupikia, na inawaka. Ndiyo maana kiasi chake ni kidogo hivyo, gramu hamsini na kitu, haipimwi kwa macho wala kwa "nikisikia imebaridi nafunga". Kompresa yake ina silinda kubwa zaidi. Ukiisukumia R134a, yenye presha ya juu, unaibebesha mzigo usio wake mpaka ife. Na bwana huyu alikuja na tochi! Awashe moto juu ya paipu ambayo huenda bado ina isobutani, kwenye jikoni yangu yenye dirisha moja, watoto wakiwa sebuleni. Kisa? Hakutaka kuinama asome stika.

Na msiniambie "zote zinawaka tu, weka ile ya mtungi wa jikoni". Ile ni mchanganyiko wa propani na butani, tena imetiwa harufu ili uishtukie ikivuja. Wekeni kwenye friji zenu.

Najua, vifaa ni ghali. Mizani, geji na pampu ya kuvuta hewa si pesa ya mboga, na sisi wateja tunapatana bei kama tunanunua nyanya Kibuye. Nakubali, shingo upande. Lakini kusoma stika ni bure.

Wanaonikera kuliko fundi ni wauzaji wa friji za mitumba wanaopulizia rangi hadi kompresa, stika na yote, ili ing'ae. Hicho ndicho kitambulisho cha friji, mmekizika! Wakati mwingine utabahatika kukuta kibandiko kingine ndani, ukutani karibu na droo ya mboga. Kama nako kumebanduliwa, mimi sinunui hata kwa bei ya kutupa. Huenda ni mzee wa R12, ile gesi iliyotoboa ozoni hadi mataifa yakakaa Montreal mwaka 1987 kukubaliana kuipunguza. Wenye AC, hata zile zinazopasha joto, tazameni boksi la nje: R22, R410A au R32, imeandikwa.

Halafu hili neno "imeisha". Gesi ya friji haiishi! Si petroli. Inazunguka humo humo miaka na miaka, ikageuka maji, ikageuka mvuke. Ikipungua, imevuja, na ukijaza bila kutafuta tundu umenunua wiki mbili za baridi.

Ngege waliliwa na majirani. Jumatatu akaja fundi mwingine, kijana mpole mwenye mizani ndogo kama ya sonara. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Hii ni mia sita au moja thelathini na nne?" Nilitaka kumkumbatia. Akafungua dirisha na mlango, akatafuta, akanionyesha kitundu kwenye ukuta wa frijza, chembamba, umbo la ncha ya kisu.

"Kuna mtu alikuwa anabandua barafu, baba."

Mama watoto akanitazama. Nilikuwa nimemwambia ni panya.