Kushindwa Kutii Si Kukataa Kutii

Nimeishi Marekani kwa miaka 12 sasa, na karibu muda huo wote nimefanya kazi ambayo Wakenya wengi waliohamia huku wanaifahamu vizuri, yaani kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu katika nyumba za malezi. Siku ya kwanza ya kazi nilifundishwa mambo mengi, na mojawapo lilisemwa upesi kana kwamba halihitaji maelezo: mkazi akichafukwa akili kiasi cha kuhatarisha maisha, piga 911, nambari ya dharura ya huku. Mimi nimelelewa katika familia ambayo isingeweza hata kuwaza kumwita polisi kwa ajili ya mgonjwa. Kaka yangu mkubwa anaugua skizofrenia tangu ujanani, na katika miaka yote ya ugonjwa wake hatukuwahi kupiga simu kituoni. Niliposikia maagizo yale nilidhani nimefika katika nchi ambayo serikali yake inakuja mbio mgonjwa anapozidiwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba serikali huja kweli, na kwamba anayetumwa kwa kawaida ni mtu mwenye bunduki.

Septemba 2016, katika mji wa El Cajon, California, dada mmoja alipiga simu hiyo. Kaka yake, Alfred Olango, aliyekuja Marekani kama mkimbizi kutoka Uganda, alikuwa amevurugikiwa, na dada alieleza kwamba ndugu yake ni mgonjwa na anahitaji msaada. Mji huo ulikuwa na kikosi cha kushughulikia dharura za akili, lakini saa hiyo kilikuwa kwenye tukio jingine, kwa hiyo wakatumwa askari wa kawaida. Muda mfupi tu baada ya askari kufika, Olango alipigwa risasi akiwa ameelekeza mbele kitu ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa kifaa cha kuvutia mvuke. Januari 2017 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba askari aliyefyatua hatashtakiwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunaoishi huku tuliitazama video ya dada yule akilia na kuwaambia askari kwamba aliwaita waje kusaidia. Alilia kwa lafudhi ya kwetu. Wiki ile nilikuwa zamu ya usiku, na kila nilipopita karibu na simu ya ukutani nilijiuliza ni lini mimi nitaipiga, na atakayekuja atakuwa nani.

Gazeti la Washington Post lilianza mwaka 2015 kuhesabu watu wanaouawa kwa risasi na polisi walio kazini, na hesabu yake ilionyesha takriban watu 1,000 kila mwaka, karibu mmoja kati ya watano akiwa na dalili za ugonjwa wa akili. Huo ni ugonjwa wa akili peke yake. Ukiongeza viziwi, wenye usonji, wenye kifafa, wenye kisukari na waliokatwa viungo, sura inabadilika kabisa. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na wakfu wa Ruderman ilikadiria kwamba kati ya theluthi na nusu ya wanaouawa na polisi nchini Marekani ni watu wenye ulemavu wa aina fulani.

Nimesoma habari nyingi za vifo hivi, kwa sababu kila mmoja wao ningeweza kuwa nimemwogesha asubuhi ile, na nimefikia kuamini kwamba chuki ya askari mmoja mmoja haitoshi kuvieleza. Askari hufundishwa kutoa amri kwa sauti kubwa na kungoja itiiwe mara moja, na asiyetii huhesabiwa kuwa hatari. Sasa, ulemavu mwingi kwa asili yake ni kutoweza kutii kwa haraka. Kiziwi hasikii amri. Mwenye usonji huisikia kama kelele inayochoma masikio, akayaziba kwa mikono badala ya kuiinua juu. Mwenye skizofrenia huisikia ikichanganyika na sauti nyingine kumi, na mwenye mtindio wa ubongo huenda akaielewa vyema lakini mwili ukakataa kuitekeleza. Magdiel Sanchez, kiziwi wa Oklahoma City, aliuawa Septemba 2017 akiwa mbele ya nyumba yake na fimbo ya chuma mkononi, huku majirani wakipaza sauti kwamba hasikii. Polisi walisema baadaye kwamba huenda askari, kwa wasiwasi wa saa ile, hawakuwasikia majirani. Aprili 2025, katika mji wa Pocatello, Idaho, mvulana wa miaka 17 mwenye usonji na mtindio wa ubongo, ambaye alikuwa na kisu, alipigwa risasi nyingi na askari waliokuwa upande wa pili wa uzio, sekunde chache baada ya kushuka kwenye magari yao. Uzio ulikuwa katikati yao na yeye. Kila ninaposoma habari hiyo ninakwama hapo, kwa maana muda waliuhitaji, na uzio ulikuwa umekwisha kuwapa.

Jambo ambalo ndugu zangu wa nyumbani pengine hawalijui ni kwamba sheria yenyewe inayopima nguvu za polisi nchini Marekani ilizaliwa katika mwili wa mgonjwa. Mwaka 1984, katika mji wa Charlotte, North Carolina, mtu mwenye kisukari aitwaye Dethorne Graham alihisi sukari yake inashuka, akamwomba rafiki ampeleke dukani kununua maji ya machungwa. Alikuta foleni ndefu, akatoka haraka. Askari aliyemwona akiingia na kutoka upesi alishuku wizi, akalifuata gari na kulisimamisha. Graham alizirai, akatiwa pingu, na askari mmoja akasema kwamba huyu ni mlevi tu. Rafiki mwingine alileta maji ya machungwa, lakini askari walikataa asipewe. Aliachiliwa baada ya kuthibitika kwamba hakuna kilichoibiwa, mguu wake ukiwa umevunjika. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 1989 iliamua kwamba nguvu za askari zipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale, bila kutumia ujuzi uliopatikana baada ya tukio. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Ninaiona kuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa inamlinda zaidi yule asiyejua kuliko yule aliyejitahidi kujua. Askari ambaye hajawahi kufundishwa dalili za sukari kushuka anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba alichokiona ni ulevi.

Sikatai kwamba hofu ya askari mara nyingine ni ya haki. Teresa Sheehan, mwanamke mwenye ugonjwa wa akili aliyeishi katika nyumba ya malezi kama hizi ninazofanyia kazi, alikuwa na kisu cha kweli mwaka 2008 huko San Francisco, na alitishia kuua. Mhudumu wake aliita polisi ili apelekwe hospitali. Askari wawili waliingia chumbani, akawajia na kisu, wakarudi nyuma na mlango ukafungwa. Hapo hakuna aliyekuwa hatarini kwa dakika ile: yeye alikuwa peke yake ndani, wao walikuwa nje, na askari wengine walikuwa njiani. Hata hivyo waliingia tena kwa nguvu, wakampulizia dawa ya pilipili, kisha wakampiga risasi kadhaa. Alipona. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema askari hao wana kinga dhidi ya madai yake, na haikujibu swali ambalo sisi wahudumu tulilingoja zaidi, yaani kama sheria ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu inawalazimu askari kubadilisha namna ya kumkamata mtu kama huyo. Sheria hiyo inamlazimu mwenye mkahawa kuweka njia ya kiti cha magurudumu. Kama inamlazimu askari kungoja nje ya mlango uliofungwa, hilo liliachwa.

Nami nimesimama kati ya mtu ninayemtunza na askari. Mkazi wetu mmoja, mwanamume mwenye usonji asiyezungumza, alitoka wakati mwenzangu anabadilisha zamu, akaenda kusimama katika uwanja wa jirani mgeni, na jirani akapiga simu. Nilifika mbio nikakuta askari wawili, taa zinamulika, king'ora kinalia, na yeye ameziba masikio akiyumba mbele na nyuma huku mmoja wao akimwamuru aonyeshe mikono. Nilinyanyua mikono yangu mimi, nikakaa chini kwenye majani, kwa sababu nilimkumbuka Charles Kinsey, mhudumu wa North Miami ambaye mwaka 2016 alilala chali barabarani akiwa ameinua mikono, akiwaeleza askari kwamba mtu anayemtunza ameshika gari la kuchezea, na bado akapigwa risasi ya mguu. Nilisema polepole kwamba hasemi na kwamba king'ora kinamuumiza. Askari mkubwa kwa umri alimwangalia, akarudi kwenye gari akazima kila kitu, akamwashiria mwenzake arudi nyuma hatua kadhaa. Tulikaa kimya kwa muda wa robo saa hivi, kisha mkazi wetu akaja mwenyewe akanishika mkono wa shati. Ninamshukuru yule askari hadi leo, ingawa ninasikitika kwamba maisha ya mtu yalitegemea ni nani aliyekuwa zamu siku ile.

Ningependa kusema kwamba nyumbani ni salama zaidi, lakini nisingekuwa mkweli. Hatukumwita polisi kwa ajili ya kaka, lakini tulimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba kwa siku tatu, na ncha moja ya kamba hiyo niliishika mimi. Alama zake angali nazo. Na mara moja alikutana na polisi bila sisi kuwaita: alikuwa akitembea usiku, akaulizwa jina na kitambulisho, akanyamaza, kwa sababu anapozidiwa hunyamaza. Alirudishwa asubuhi mkono ukiwa umevunjika. Askari aliyemleta alimwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kijana huyu alikuwa jeuri. Nilikuwa sijaijua Marekani bado, lakini sasa ninaona kwamba neno lile moja lina maana ileile ya maelezo marefu ninayoyasoma huku katika taarifa za polisi baada ya kifo, kwamba mtu hakutii, kwamba aliamriwa mara kadhaa.

Katika karatasi, nyumbani tumetangulia. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, ilhali Baraza la Seneti la Marekani lilishindwa kuuridhia Desemba 2012 kwa upungufu wa kura chache. Katiba yetu ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo kabla ya kufyatua, na onyo hilo lipewe muda wa kuzingatiwa, isipokuwa pale kuchelewa kunapohatarisha maisha. Ninayapenda maneno hayo ya muda wa kuzingatiwa, na ningetamani yasomwe kwa sauti katika kila gwaride. Lakini askari wetu huitoa wapi subira hiyo, na mtu akifa, nani anauliza kama marehemu aliweza kusikia? Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, tunayoiita IPOA, inapaswa kuarifiwa nguvu za polisi zinaposababisha kifo au jeraha kubwa, na ninaona ni jambo dogo sana kuitaka iandike katika kila faili kama aliyeumizwa alikuwa na ulemavu, ni ulemavu gani, na kama askari aliambiwa kabla. Marekani waandishi wa habari walianza kuhesabu, na baada ya hesabu ndipo ubishi ukapata mahali pa kusimama.

Mafunzo pia yanasaidia, ila nisingeyategemea peke yake. Mji wa Memphis ulianza mwaka 1988 kuwafundisha askari namna ya kumkabili mtu aliyechafukwa akili, baada ya polisi kumuua kijana mgonjwa aliyekuwa na kisu, na mfumo huo ukaenea nchi nzima. El Cajon nayo, kama nilivyosema, ilikuwa na kikosi chake, ila hakikuwa na nafasi. Ninavutiwa zaidi na miji kama Denver, ambayo tangu mwaka 2020 kwa simu za aina hii imekuwa ikituma mhudumu wa afya ya akili na mhudumu wa dharura wasio na silaha. Sisi nyumbani tunao wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba yao ya vifaa vya kazi mwaka 2023, na wengi wao wanajua ni nyumba gani ina mgonjwa na jina analoitika ni lipi. Hao ndio ningetaka wafike kwanza, askari akikaa mbali, taa zimezimwa.

Mwaka jana niliandika ukurasa mmoja kuhusu kaka, kwa mfano wa kurasa tunazoweka mlangoni kazini: anaitika kwa jina gani, kinachomtisha ni nini, akinyamaza maana yake nini, apigiwe nani simu. Dada yangu mdogo aliupeleka kituoni. Aliniambia kwamba ofisa aliyekuwa mezani aliusoma wote, akaurudia mara ya pili, kisha akauliza, "Na akikimbia je, dada, tufanye nini?" Dada akamjibu, "Mwacheni akimbie, afande. Huwa anarudi mwenyewe."