Fremu kwenye viwanja vya makazi: Moshi iamue kwa barabara, si kiwanja kimoja kimoja

Mitaa mingi ya makazi mjini Moshi sasa ina fremu, yaani vyumba vya biashara vya kupangisha. Ukuta wa mbele unavunjwa, zinapandishwa fremu tatu au nne zinazotazama barabara, anaingia wakala wa pesa, saluni, duka la dawa na Mangi wa vyakula, na familia inaendelea kuishi nyuma. Ukifungua hati ya kiwanja hicho, sharti la matumizi bado linasema makazi pekee. Shantytown, kwenye viwanja vikubwa vinavyoutazama mlima, mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine: nyumba za familia zimegeuka lodge, hosteli na ofisi za utalii. Anayeishi Njiro au Sakina, Arusha, anaijua hali hii bila kuelezwa.

Mwenye nyumba ana hoja nzito. Kwa mstaafu, kodi ya fremu ndiyo inayolipa dawa na ada za wajukuu. Mama wa mtaa wa Soweto hawezi kupanda bodaboda hadi soko la Mbuyuni kila akiishiwa chumvi. Na kijana anayeanza biashara hapati chumba katikati ya mji kwa bei anayoimudu.

Jirani naye ana haki yake. Alinunua kiwanja akijua masharti, akajenga akiyaamini. Leo magari yanaziba geti lake, muziki unapigwa hadi usiku, na shimo la maji taka lililochimbwa kwa familia ya watu sita linapokea maji ya lodge yenye vyumba kumi na viwili. Shimo likijaa, harufu haiishii kwenye ukuta wa mwenye lodge.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haikatazi kubadili matumizi. Mwombaji anapeleka halmashauri barua, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi na maelezo ya anachotaka kufanya. Tangazo linatolewa ili majirani waseme lao, wataalamu wanatoa maoni, na suala linapita kwenye kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji kabla ya idhini ya mamlaka za ardhi. Ikikubaliwa, masharti ya hati yanabadilishwa na kodi ya ardhi inapanda. Hapo ndipo kibali cha ujenzi kinapoombwa. Wengi huanzia mwisho: wanachukua kibali cha kujenga ukuta, wanajenga fremu, kisha wanakata leseni ya biashara wakiamini kwamba leseni imehalalisha jengo. Haijalihalalisha. Leseni inamruhusu mtu kufanya biashara, na matumizi ya kiwanja yanabaki yale yaliyoandikwa kwenye hati.

Tusiwalaumu wote kwa ukaidi, maana njia ya halali ina vizingiti vya kweli. Kilimanjaro kizingiti kikubwa ni mirathi. Hati iko kwa jina la mzee aliyefariki zamani, msimamizi hajateuliwa, na watoto hawajakaa kikao wakaelewana. Kihamba, shamba la ukoo, kina desturi yake, lakini kiwanja cha mjini kila mtoto ana la kusema. Bila msimamizi wa mirathi hakuna wa kusaini maombi. Kizingiti kingine ni hati iliyowekwa rehani benki: masharti hayaguswi bila benki kukubali.

Lakini udhaifu ulio mikononi mwa halmashauri yenyewe ni idara zake kutosomana. Idara ya Biashara inakusanya ada ya leseni kwenye fremu ile ile ambayo Idara ya Mipango Miji inaihesabu kuwa ujenzi holela. Zamani fomu ya leseni, TFN 211, ilipita kwa afisa mipango miji kuthibitisha eneo. Maombi sasa yanapita kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na huko pia uthibitisho huo uwe wa lazima, uambatane na namba ya kiwanja.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye mfereji. Mwenye fremu anataka wateja wavuke, anaweka bomba jembamba na kumwaga zege juu. Chupa za plastiki zinakwama ndani, na kwa kuwa zege halina kifuniko cha kunyanyua, hakuna awezaye kuzibua. Mvua za masika zikija, maji yanapanda barabarani, yanamega ukingo wa lami, na kwa kuwa mji umeinamia kusini, yanateremka kuelekea Pasua na Bomambuzi, kwa watu ambao hawana fremu wala kodi yake.

Kuamua kiwanja kimoja kimoja hakutamaliza jambo hili. Zile barabara zinazopita daladala zirekebishiwe mchoro wa mipango miji kwa pamoja, safu ya kwanza tu ya viwanja kila upande, na majirani wasikilizwe mara moja kwa barabara nzima. Mstaafu asiyetaka biashara asipandishiwe kodi ya ardhi. Masharti ya hati yake yabadilike pale tu atakapoomba. Wanaopinga watasema barabara hizo zitajaa magari, na ni kweli. Kwa hiyo fremu zirudi ndani mita 5 kutoka mpaka wa kiwanja, urefu wa kuegesha gari dogo, na kila kivuko cha mfereji kiwe na vifuniko vya kunyanyuliwa. Fremu isiyoweza kurudi nyuma, au iliyokaa juu ya mfereji, haina cha kutetewa, hata kama mwenye nayo ni mtu tunayemheshimu.

Mitaa ya ndani ibaki ya makazi. Mangi na saluni wavumiliwe, maana wanahudumia mtaa wenyewe. Baa, gereji na mafundi wa kuchomelea hapana. Waliokwisha kuingia wasivunjiwe usiku. Leseni ya biashara ni ya miezi 12 na ya vileo ni ya miezi 6, basi wapewe notisi ya maandishi kwamba inayoendelea ndiyo ya mwisho kwa eneo hilo, na waonyeshwe viwanja kwenye barabara zilizobadilishwa kabla muda haujaisha.