Tyubu ya gramu 15 na mafuta ya Mbuyuni

Mgonjwa wa pumu ya ngozi akiingia hospitali hapa Moshi ananuka mwarobaini, mara nyingi husemwa hata kabla hajakaa: mnajipaka mavitu ya kienyeji, ndiyo maana hamponi. Kauli hiyo haijawahi kuniingia.

Tupige hesabu. Krimu ya steroidi, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, ikikamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja wa mtu mzima, pamoja na unyayo, hutaka vipimo 8 vya namna hiyo, yaani gramu 4. Ukurutu, yaani hiyo pumu ya ngozi, ukishika miguu yote miwili ni gramu 8 kwa mpako mmoja. Tyubu aliyopewa ina gramu 15. Akipaka asubuhi na jioni, siku ya pili anakamua hewa, na tarehe ya kurudi ni mwezi ujao! Hapo sijataja mafuta ya kulainisha: mwenye ukurutu wa mwili mzima huhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Nani huandikiwa nusu kilo? Basi anashuka soko la Mbuyuni kutafuta mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi hulainisha ngozi kavu kweli, hasa Julai baridi ya mlimani inapopasua visigino. Ushirikina uko wapi hapo?

Madaktari nao wana la kusema. Limau na kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka. Kibaya zaidi ni vikopo visivyo na lebo vinavyouzwa kama mitishamba mitupu, vingine vikiwa vimechanganywa steroidi kali. Muwasho hutulia upesi, mteja husifu. Akiendelea miezi, ngozi hukonda, na akiacha ghafla ugonjwa hurudi kwa kishindo. Tena kuna wanaonunua kopo kama hilo kwa kuikimbia krimu ya hospitali, wakiogopa steroidi yake itawachubua.

Ujuzi wa kulitambua tatizo hilo tunao mjini hapa. Katika hospitali ya rufaa ya KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Ila mtaalamu atalijuaje kopo ambalo mama amelisukumia chini ya khanga mkobani, asije akafokewa? Angeanza kwa kumuuliza, bila kukunja uso: "Mama, nyumbani unapaka nini kingine? Umekuja nacho?"