Mafungunyota machanga nyuma ya vumbi: Gaia haijaifunga kazi ya infraredi

Tangu Shirika la Anga la Ulaya, ESA, lilipotoa mwezi Aprili 2018 data ya pili ya Gaia, chombo kilichopima mahali na mwendo wa nyota hadi mwaka 2025, orodha za zamani za mafungunyota hazijatulia. Kigezo kinajulikana: nyota za fungu moja hutembea angani kwa mwendo mmoja na ziko umbali mmoja, na kundi lisilotimiza hayo ni nyota zilizopangana kwa sadfa kwenye mstari wa macho. Mafungu mengi yaliyokaa katalogi kwa miongo yamefutwa kwa njia hiyo, na mwaka 2023 Hunt na Reffert walitoa katalogi ya mafungu 7,167 kutoka data ya tatu. Ndipo ilipozuka kauli inayosikika hata kwa watu makini: kuwinda mafungu kwa kuhesabu nyota kwenye picha za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaopenya vumbi) kumepitwa na wakati, na kilichobaki ni kusafisha takataka zake.

Kuhusu takataka, wana haki. Ila wanachanganya mawindo mawili. Anayetafuta mafungu ya kawaida ndani ya miaka ya nuru elfu kadhaa kutoka kwenye Jua aende na Gaia, hakuna mjadala. Anayetafuta mafungu yenye masi za Jua 10,000 na zaidi, yenye umri usiozidi miaka milioni 20 hivi, anatafuta kitu kilicho adimu na kilicho mbali, na sehemu kubwa ya hayo iko upande wa ndani wa Njia Nyeupe, kwenye bapa lenyewe, ambako vumbi ni zito kuliko mahali pengine popote.

Uzito huo wa vumbi hutajwa kwa haraka mno. Chukua nyota ya aina ya O, yaani ya kundi la nyota za moto kuliko zote, iliyo karibu na kitovu cha galaksi, miaka ya nuru 26,000 kutoka hapa. Pasipo vumbi ingekuwa na mng'ao wa mag 9, kazi ya darubini ndogo ya mkononi (mag ni kipimo cha mng'ao, na namba ikikua nyota ni hafifu zaidi). Vumbi lililo njiani hula mag 30 hivi katika mwanga unaoonekana kwa macho. Kila mag 5 ni mara 100, kwa hiyo mag 30 ni mara trilioni moja: katika kila chembe trilioni za mwanga zilizoelekea kwetu, moja ndiyo inayofika. Katika kichujio cha infraredi kiitwacho Ks, kwenye urefu wa mawimbi wa mikromita 2.16, vumbi lile lile hula asilimia 11 tu ya idadi hiyo ya mag, yaani mag 3.4 hivi. Hapo inafika chembe moja katika kila 22 au 23. Nyota hiyo ya O inaonekana kwa mag 13 ya Ks, na hata 2MASS, upimaji wa anga zima kwa infraredi uliofanywa kwa darubini mbili za mita 1.3 kati ya 1997 na 2001, ulifika mag 14.3 mahali pasipo msongamano.

Mtetezi wa Gaia atasema hesabu hiyo inamwonea, kwa sababu Gaia iliona hadi mikromita 1.05, mbali na kijani cha macho yetu. Sawa, tufanye hesabu kwa haki. Karibu na mikromita 1 vumbi hula asilimia 40 hivi ya mag zile 30, yaani 12. Nyota ya mag 9 inashuka hadi 21, ambako Gaia ilikomea, na tena kwenye pembe ya wigo ambako vigunduzi vyake vya silikoni vilibaki na usikivu mdogo sana. Hiyo ni nyota ya O. Nyota za B, zinazofuata zile za O kwa joto, ambazo ndizo nyingi katika fungu hilo hilo, ziko chini zaidi. Kwa hiyo Gaia inaponyamaza kuhusu fungu la namna hii, ukimya wake si ushahidi wa chochote. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: orodha ya infraredi inalinganishwa na ya Gaia, kisha kila jina lisiloonekana upande wa pili linawekewa alama ya shaka, hata pale ambapo lisingeweza kuonekana.

Arches na Quintuplet, mafungu mawili makubwa jirani ya kitovu cha galaksi, yalijulikana kwa infraredi pekee. Quintuplet ilianza katika miaka ya 1980 kama vyanzo vitano ving'avu visivyoeleweka. Lakini mfano unaofundisha zaidi uko upande wa kundinyota la Scutum. Mwaka 2006 timu ya Figer ilichukua mtajwa mmoja (yaani doa linalodhaniwa kuwa fungu, bila kuthibitishwa) kutoka katalogi ya watajwa wa 2MASS iliyochapishwa na Bica na wenzake mwaka 2003, doa dogo la nyota nyekundu, ikapima spektra zake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi. Zilikutwa nyota 14 za aina ya majitu makuu mekundu, nyota nzito zilizovimba mwishoni mwa maisha yao, mahali pamoja. Kabla ya hapo fungu lililoongoza katika galaksi yetu, NGC 7419, lilikuwa na 5. Mwaka uliofuata timu ya Davies ikahesabu 26 katika fungu jirani, Stephenson 2, linaloitwa pia RSGC2. Doa lile la kwanza sasa ni RSGC1, lenye umri wa miaka milioni 12 hivi na masi za Jua zipatazo 30,000. Lilikuwa kwenye picha za wazi miaka kadhaa, likiwa jina katikati ya majina mengi ya watajwa.

Sasa takataka. Mwaka 2007 Froebrich na wenzake walipitisha programu ya kuhesabu nyota kwenye data ya 2MASS kando ya bapa la galaksi, wakapata watajwa 1,788, wakiwamo 1,021 wapya. Wenyewe waliandika kwamba karibu nusu ya hao wapya huenda ni msongamano wa kubahatisha tu. Nusu! Wapinzani hupenda takwimu hii, na hawajaipotosha.

Chanzo chake kinaeleweka. Vumbi halikutandazwa sawasawa, lina matundu. Kwenye tundu, nyota za nyuma huonekana nyingi kuliko za pembeni, na programu huripoti fungu. Dawa ni rangi. Chora ramani ya wastani wa H−Ks (mag katika kichujio cha H, chenye mawimbi mafupi zaidi, ukitoa ile ya Ks; ikikua, nyota ni nyekundu zaidi) wa majitu mekundu ya nyuma: kama wastani unashuka pale pale idadi inapopanda, ni tundu. Kisha chora Ks dhidi ya H−Ks kwa nyota za doa, na mchoro wa pili kwa pete ya anga inayolizunguka yenye eneo sawa, uondoe kwenye wa kwanza zile zinazofanana na za pete. Fungu changa la kweli litabakiza mstari unaokaribia kusimama wima, kwa kuwa katika mawimbi haya nyota zote za O na B zina rangi asili karibu moja, H−Ks ya −0.1 hivi. Sifa hiyo ndiyo inayoyafichua, na ndiyo pia inayotukwamisha: rangi haiwezi kutenganisha nyota ya O3 na B1, ingawa masi zao zimepishana mara kadhaa. Mtu akikupa masi ya fungu kwa picha za vichujio vya infraredi vya J, H na Ks peke yake, mwulize amejuaje.

Kuna mitego ya vifaa pia. Pikseli za 2MASS zilikuwa na upana wa sekunde 2 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), hivyo kiini cha fungu kama Arches kinageuka doa moja. VVV, upimaji mpya zaidi wa infraredi uliofanywa kuanzia 2010 kwa darubini ya VISTA ya mita 4 huko Paranal, Chile, una pikseli za sekunde 0.34, na mwaka 2011 Borissova na wenzake walitumia picha zake kutoa watajwa 96 wapya. Lakini VISTA inapofushwa na nyota zilizo ng'avu kuliko mag 11 au 12 hivi za Ks, na ving'avu hivyo ndivyo hasa tunavyovitafuta. Majitu makuu mekundu ya RSGC1 yana mag 5 au 6. Katika data ghafi ya VVV nyota hizo zinatoka na mng'ao usio sahihi au hazitoki kabisa, na programu inaweza kuliruka fungu kwa sababu tu ni zuri mno. Inabidi vipimo vya nyota ng'avu vichukuliwe kutoka 2MASS na vya nyota hafifu kutoka VVV, kisha vilinganishwe mahali vinapokutana kabla ya kuunganishwa.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani, kwa maoni yangu, ni Cygnus OB2, kundi la nyota changa katika kundinyota la Cygnus. Mwaka 2000 Knödlseder alitumia 2MASS kukadiria nyota za O zipatazo 120 na masi za Jua kati ya 40,000 na 100,000. Likaitwa fungu changa kubwa kuliko yote ya jirani. Baadaye mienendo ya nyota zake ilipopimwa, ilionekana kwamba halijafungwa na mvutano wake, nyota zimezaliwa zikiwa zimetawanyika, na makadirio ya masi yakashuka hadi 16,500 hivi. Hesabu ya nyota haioni mvutano. Inaona wingi, basi, na bila mwendo hakuna anayeweza kuapa kwamba wingi huo ni fungu.

Ila tazama kilichofanya kazi katika RSGC1 na RSGC2. Mwendo ulipimwa huko pia, ukatoka kwenye spektra. Majitu makuu mekundu yana ukingo mkali wa monoksidi ya kaboni kwenye mikromita 2.293, kina chake hulitenga jitu kuu na jitu la kawaida, na kuhama kwake hutoa kasi. Nyota za RSGC1 zina kasi ya kilomita 123 kwa sekunde, za RSGC2 109. Nyota za mandhari zikaondolewa kwa kasi, bila Gaia. Kwa nyota za joto mistari ni mingine: hidrojeni kwenye 2.166, heli kwenye 2.112, na heli iliyopoteza elektroni moja kwenye 2.189, ambayo ni alama ya nyota za O. Makosa ya hapa yanajirudia. Nyota za A (baridi kidogo kuliko za B) zinazotumika kusahihisha mwanga unaonyonywa na hewa ya Dunia zina mstari wao wa hidrojeni kwenye 2.166, usipoufuta kwanza, nyota zako zote zitatoka na mng'ao bandia pale pale. Na gesi inayong'aa ndani ya fungu hutoa mstari huo huo bila usawa, hivyo anga ya kupunguza ikichukuliwa mbali kidogo, mstari wa nyota hujazwa na gesi.

Kwa hiyo kosa ninaloliona liko katika kuishia kwenye picha. Orodha ya watajwa ilikusudiwa kuwa orodha ya watajwa. Walioinukuu kama orodha ya mafungu ndio walioiharibia jina.

Panapobaki pagumu ni masi na umbali, na hapo sina raha na upande wangu. Tuseme nyota imeongezewa wekundu wa 1.5 katika H−Ks. Ukidhani vumbi hupungua nguvu kwa urefu wa mawimbi ulioinuliwa kwa kipeo cha 1.61, kama kanuni ya zamani, imeliwa mag 2.8 katika Ks. Ukitumia 2.1, inayokaribiana na vipimo vya upande wa kitovu cha galaksi, imeliwa mag 2.0. Tofauti hiyo ni mng'ao mara mbili, au umbali mara 1.4. Vipimo muhimu vya mkondo huo wa pili vilitoka Afrika: darubini ya mita 1.4 ya IRSF huko Sutherland, Afrika Kusini, ambayo kamera yake hupiga J, H na Ks kwa wakati mmoja. Makala za kabla ya hapo zisomwe kwa tahadhari.

Gaia nayo haijatuondolea utata huo pale ilipoona. Westerlund 1, fungu jingine changa na kubwa, ina vumbi la mag 11 hivi tu, na Gaia iliziona nyota zake. Data ya pili ile ile imetoa umbali wa parsek 2,600 (parsek moja ni miaka ya nuru 3.26) kwa timu moja na karibu 3,900 kwa nyingine, kwa kuwa pembe inayopimwa ni robo ya elfu moja ya sekunde ya tao, na kosa la mfumo wa chombo si dogo mbele yake. Kati ya majibu hayo mawili mng'ao wa kila nyota hubadilika mara 2.25. Ndani ya fungu hilo Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ilikuta magneta, yaani mabaki ya nyota iliyolipuka yenye usumaku mkali mno, na hoja kwamba nyota mama yake ilizidi masi 40 za Jua inategemea umri wa fungu, unaotegemea mng'ao huo. (Eksirei nazo hupenya vumbi.)

Watajwa waliobaki wanahitaji spektra nyingi kwa mkupuo, na hapo ndipo bajeti ingeelekezwa. MOONS, kifaa kipya cha spektra cha darubini kubwa za VLT huko Paranal, chenye nyuzi zipatazo 1,000 za kupokea mwanga wa nyota moja moja, kinaishia mikromita 1.8. Kitasaidia kwa majitu makuu mekundu, yenye mistari ya kutosha katika H. Kwa nyota za O zilizo nyuma ya mag 30 za vumbi, H inalipa zaidi ya mag 5 badala ya 3.4, na mistari yake ya heli ni dhaifu. Hizo zitaendelea kutegemea KMOS, kifaa kingine cha VLT, ambacho kinafika mikromita 2.5 na kina mikono 24 tu ya kuchukua mwanga. Kwa mikono 24, katika viini vilivyosongamana, mtajwa mmoja baada ya mwingine, foleni ni ndefu. Ndiyo maana mchujo wa rangi ufanywe kabla ya kuomba muda wa darubini.