Picha nzuri ya jaa la Dandora

Edward Burtynsky, mpigapicha wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1955, amemaliza zaidi ya miaka 40 akipiga picha za ardhi ilivyogeuzwa na binadamu: machimbo, visima vya mafuta, mabwawa, majaa ya taka. Siku hizi hurusha droni au hupanda helikopta. Picha zake huchapwa kubwa, na zinapendeza hadi zinakera.

Chukua ile ya Sudbury, Ontario, ya mwaka 1996. Mto wa rangi ya chungwa unakata ardhi nyeusi. Ungeapa ni lava. Kumbe ni mabaki ya mgodi wa nikeli, na rangi ile ni kutu ya chuma. Wapo wanaomlaumu kwamba anaupamba uharibifu. Siwaungi mkono. Picha mbaya ya takataka, nani ataitazama mara mbili?

Mimi nina neno jingine naye: picha za angani zinafuta watu. Mwaka 2019 alipiga mashimo ya chumvi karibu na Naglou Sam Sam, Senegal. Ukiyatazama toka juu ni madoa ya kijani, kahawia na waridi, kama khanga iliyoanikwa. Mashimo hayo yamechimbwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Ni mkono wa nani? Chini ya picha unapata jina la mahali, mwaka na namba, basi.

Ndivyo ilivyo hata kwa Dandora, Nairobi, aliyoipiga mwaka 2016, mwaka mmoja kabla Kenya haijapiga marufuku mifuko ya plastiki. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001, na malori hayajaacha kumwaga. Plastiki imetapakaa picha nzima. Mgeni ataona lundo tu. Mwokotaji ataona mali: chupa za maji kando, mitungi migumu kando, nailoni kando, kila aina na bei yake kwa kilo, na mwenye mizani ndiye mwenye kauli. Kazi ya kuchambua hufanywa juani, moshi ukifuka, mara nyingi bila glavu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo habari yenyewe, na haimo kwenye maelezo.

Najua nitaambiwa picha ijisemee. Sawa, lakini picha ya lundo haiwezi kusema nani alitengeneza chupa, nani aliitupa, na nani analipwa shilingi ngapi kuiokota. Sentensi tatu chini ya fremu zingetosha, wala zisingeharibu sanaa ya mtu.

Ningependa pia kuiona picha hiyo ikitundikwa Dandora penyewe, kwa ukubwa uleule wa kwenye majumba ya sanaa, wenyeji waingie bure. Hao watakuonyesha kwa kidole ni plastiki ipi hapo haina mnunuzi.